Kipeperushi Hakichoti Maji

Watafiti wa afya hupiga simu Ijumaa jioni. "Shikamoo Mwalimu. Mradi tumeumaliza, dodoso liko tayari, bado kipeperushi tu. Mtatuwekea kwa Kiswahili chepesi?" Mwaka huu ni mara ya nne. Sisi wa historia na lugha tumekuwa mafundi rangi: nyumba imesimama, tunaitwa tupake.

Ombi hilo limejengwa juu ya imani kwamba sayansi imekwisha sema, wanakijiji ndio hawajaelewa. Haya, tukitazame kipeperushi kimoja, cha kuzuia mbu. Mama amechorwa anainamisha ndoo, chini maandishi mekundu: "Mwaga maji yaliyohifadhiwa." Mpelekee mama wa Newala wa mwaka 1952. Uwanda wa Makonde, iliko Newala, haukuwa na maji. Yalifuatwa bondeni, yakapandishwa kichwani, yakawekwa mtungini ndani ya nyumba. Ayamwage?

Mitungi hiyo ndiyo iliyomfuga mbu wa Aedes, na mlipuko wa ugonjwa alioueneza, wa 1952 na 1953, ukawapinda watu viungo. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walipouandika mwaka 1955, jina hawakulitoa maabara. Walilichukua kwa Wamakonde wenyewe: chikungunya, chenye kupinda. Hao ndio mnaotaka wafafanuliwe ugonjwa.

Tena kumwaga kwenyewe hakutoshi. Mbu huyu hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi hadi chombo kijazwe tena. Mama aliyewatii amekosa maji na mbu anaye. Kisha ripoti inaandika "uelewa mdogo wa jamii". Jamii ipi, ya kijijini au ya ofisini?

Nani huchota, wapi, pampu iliharibika lini: maswali hayo, tukiitwa mapema, huingia kwenye dodoso kabla halijachapwa.

Basi, mnaotaka ushirikiano: tuiteni siku ya kuandika andiko la mradi. Tuwekeni kwenye bajeti, si kwenye "mengineyo". Majina ya ugonjwa yakusanywe kwa lugha ya mahali kabla ya kutunga swali. Mtu akae kijijini kiangazi na masika. Aliyefanya kazi aandikwe mwandishi mwenza. Na kama mmebakiwa na siku mbili tu, futeni "mwaga", andikeni "sugua kuta za mtungi, ufunike kwa kitambaa kilichokazwa". Hilo nitalitafsiri usiku huu huu, kwa Kimakonde tumtafute mwenye lugha.