Baiskeli Rahisi na Magurudumu Yake

Sisi tuliozoea mchanga wa pwani, Eldoret hutukata pumzi kabla ya kutuchosha miguu. Mji huu, uliopewa jina la "Sisibo" kwa ajili ya shamba nambari 64, uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Muuza mikate wa huko hupanda na kuteremka kutwa, na hatari iko katika kuteremka.

Mpwa wangu, ambaye ndiyo biashara yake, alikuwa ameona Black Mamba kuukuu, ile baiskeli nyeusi ya chuma ijulikanayo Kenya nzima. Bei rahisi mno. "Mjomba, rangi yake yang'ara!" Nikamwambia rangi haibebi mikate, twende kwa fundi.

Fundi hakuitazama rangi. Aliipindua juu chini, akalizungusha gurudumu la nyuma, ukucha kauweka karibu na ringi. Ringi ikawa yayumba kama mlevi. "Hili, mzee, linanyooka." Likivutia kulia, hukazwa vinati vya spoki za kushoto na kulegezwa vya kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mwenye pupa huliharibu zaidi. Kisha akazigonga spoki moja moja, kasikiliza, nami mtu wa mashairi nikamkumbuka mpiga udi akitengeneza nyuzi zake. Baiskeli hizi kwa desturi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo hulala nyuma. Tatu zililia ulegevu. Moja ilikwisha katika penye kikunjo chake, upande wa mnyororo. Spoki ikilegea huchezacheza kila gurudumu likizunguka, mpaka chuma kikachoka.

Akalitikisa gurudumu ubavuni: lacheza, gololi zakwaruza. Hilo nalo si neno, ni kuosha na kutia grisi. Na upepo upimwe kila asubuhi kabla ya kupakia, kwani tairi likiwa tepetepe ringi huibana tyubu ikatoboka.

Gurudumu la mbele ndilo lililotunyamazisha. Alipokwangua kutu, ukaonekana ufa kwenye tundu la spoki, nao umeanza kutambaa. Breki za vyuma za baiskeli hizi huishika ringi yenyewe. "Hili silitengenezi," akasema.

Ringi mpya na spoki zake zingeumeza urahisi wote ule. Mwenye mali tukamwomba apunguze, akakataa. Ujira wa fundi nililipa mimi. Mpwa wangu alirudi kwa miguu, kanuna, na hadi baada ya isha alikuwa hajanisemesha.