Sakafu ya Zege ya Kuanikia Mazao



Ukisimama Busisi ukatazama ng'ambo ya Kigongo, utaona daraja refu la karibu kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Zamani tulivuka hapo kwa kivuko, na siku nyingine tulisubiri saa nyingi. Daraja hilo lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Nguzo zake zilizosimama majini ni za zege na chuma. Zege hiyo imetokana hasa na vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Vitu hivyo hivyo unaweza kuvipata wewe, ukajenga sakafu ya kuanikia mahindi, mpunga, makopa na michembe yako.

Sababu ya kujenga sakafu

Wengi wetu huanika mazao juu ya ardhi. Hapo mazao huokota mchanga, mavi ya kuku na unyevu wa udongo. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi sakafu safi ni kinga ya nyumba yako, wala si pambo la ua.

Lakini zege mbovu ni hasara kubwa kuliko kukosa sakafu. Miaka ya mwanzo wa kazi yangu nilisimamia sakafu moja kijijini. Tulitia maji mengi ili kazi iwe nyepesi, tukamaliza saa sita mchana, kila mtu akaenda kwake. Hakuna aliyeimwagia maji siku zilizofuata. Msimu wa pili juu yake palitoka vumbi la saruji, likaingia katika mahindi. Mwenyewe alikuwa ameuza ng'ombe ili kununua saruji hiyo. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Tafadhali usilirudie.

Jinsi saruji inavyofanya kazi

Watu wengi hufikiri kwamba zege hukauka kama udongo wa kukandika ukuta. Sivyo. Saruji hufungamana na maji, na katika kufungamana huko hugeuka kuwa jiwe. Kwa hiyo jua likiyanyonya maji mapema, saruji hukosa chakula chake na zege hubaki dhaifu.

Tena, maji yakizidi nayo ni hatari. Maji yanayofungamana na saruji ni karibu robo tu ya uzito wake. Yanayobaki husaidia zege kulainika, kisha hutoka taratibu na kuacha vitundu vidogo. Vitundu vikiwa vingi zege huwa kama mkate. Yafaa ukumbuke jambo hili: maji kidogo wakati wa kuchanganya, maji mengi baada ya zege kushika.

Kuchagua vitu

Saruji iwe mpya na kavu. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, saruji hiyo imekwisha kunywa unyevu, usiitumie.

Mchanga uwe mkali na safi. Jaribu hivi: tia mchanga katika chupa hadi kimo cha sentimita 10, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga. Tope likizidi nusu sentimita hivi, osha mchanga huo au tafuta mwingine. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari, lakini mchanga wa ufukweni mara nyingi ni laini mno na una makombe. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Usichimbe hapo, nunua mahali panaporuhusiwa.

Kokoto zetu ni za mawe magumu ya Mwanza, nazo ni nzuri sana. Ziwe na ukubwa wa sentimita 2 hivi, zisiwe na udongo wala majani. Maji yawe safi, yasiyo na matope wala mafuta.

Kutengeneza mahali

Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Ardhi ya luseni inafaa. Usijenge juu ya udongo mweusi wa mbuga, maana huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na sakafu itapasuka nao.

Tuchukue mfano wa sakafu ya mita 6 kwa mita 4. Ondoa majani, mizizi na udongo wa juu. Tandaza changarawe au moramu kimo cha sentimita 10, imwagie maji na kuishindilia mpaka kisigino kisiache alama. Weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ili mvua isisimame. Kisha simamisha mbao zenye kimo cha sentimita 10, ugawe eneo katika miraba sita ya mita 2 kwa mita 2. Zege husinyaa ikishika, na sakafu kubwa isiyogawanywa hujichagulia yenyewe mahali pa kupasuka.

Kupima

Usipime kwa beleshi, kwa sababu beleshi la asubuhi huwa limejaa kuliko la mchana. Tumia debe la lita 20. Kwa kila mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50:

Mchanga: madebe 3 na nusu.
Kokoto: madebe 7.
Maji: yasizidi lita 25, yaani debe moja na robo.

Hii ndiyo zege ya moja kwa mbili kwa nne. Mchanga ukiwa umelowa, anza na lita 20 tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Sakafu yetu ya mfano itakula mifuko 16 ya saruji, madebe 56 ya mchanga na madebe 112 ya kokoto. Piga hesabu ya bei ya siku hiyo kabla hujaanza, wala usianze na mifuko pungufu ukitumaini mingine.

Kuchanganya

Changanya mfuko mmoja kwa mara moja, juu ya mahali pagumu na safi, si juu ya udongo. Tandaza mchanga, mwaga saruji juu yake, geuza mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto, geuza tena mara tatu. Ndipo ufanye shimo katikati na kutia maji polepole huku ukigeuza. Gonga rundo kwa mgongo wa beleshi: juu pakilainika bila kuchuruzika maji, zege iko tayari. Itumie kabla ya saa moja kupita. Ikianza kushika, usiilainishe kwa kuongeza maji.

Saruji huunguza ngozi na macho. Vaa viatu vya mpira, osha mikono mara kwa mara, na watoto wakae mbali.

Kumwaga

Anza alfajiri, jua halijawa kali. Lowanisha changarawe, lakini pasiwe na dimbwi. Siku ya kwanza jaza miraba mitatu isiyopakana, kama nyumba nyeusi za drafti. Siku ya pili ondoa mbao za katikati ujaze mitatu iliyobaki. Shindilia zege kwa ubao mzito, hasa pembeni, ili hewa itoke. Kisha buruta ubao mnyoofu juu ya mbao za kando ili pawe sawa.

Maji kidogo yatapanda juu. Subiri yaondoke yenyewe ndipo ulainishe kwa mwiko. Usinyunyize saruji kavu ili kuyakausha. Ngozi hiyo itabanduka baadaye.

Kunywesha

Hapa ndipo wengi huharibu. Zege ikishika kiasi cha kutobonyea kwa kidole, ifunike kwa magunia au majani yaliyolowa. Imwagie maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 bila kukosa hata moja. Siku 14 ni bora zaidi. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Usipitishe mkokoteni wala ng'ombe. Zege hufikia sehemu kubwa ya nguvu zake baada ya siku 28. Ukiweza, ngoja siku hizo kabla ya kuanika.

Kutumia na kutunza

Sakafu hiyo itapokea karibu kilo 700 za mahindi yaliyopukuchuliwa, yakitandazwa kimo cha sentimita 4. Geuza mahindi kila nusu saa, na jioni uyakusanye na kuyafunika. Kwa mpunga angalia sana: zege huwa ya moto adhuhuri, na mpunga uliounguzwa hukatika mashineni. Ugeuze mara nyingi, na jua likiwa kali uufunike. Mbegu za kupanda usizianike kabisa juu ya zege ya moto, kwa kuwa hazitaota.

Fagia sakafu kabla na baada ya kazi. Kila mwaka kabla ya mavuno ikague. Ukiona mwanya, usafishe na kuuziba kwa saruji na mchanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama mifuko 16 ni mzigo kwako, jenga miraba miwili mwaka huu kwa mifuko 6, na mingine mwaka ujao. Au ungana na majirani wawili watatu mjenge moja ya pamoja. Kabla ya kununua saruji, mwite Bwana au Bibi Shamba wa kata yako atazame mahali ulipochagua. Kutazama hakuna malipo, na kosa lililoonwa kabla ya zege kumwagwa husahihishwa kwa jembe tu.