Tiba isiyong'oka isikimbiliwe

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza hivi majuzi: "Mwalimu, ikiwa figo hupandikizwa, mbona wagonjwa wa Parkinson wasipandikizwe seli za ubongo?" Swali lake lina uzito, nami naona si vyema kulijibu kwa pupa.

Maradhi haya, ambayo daktari Mwingereza James Parkinson aliyaeleza mwaka 1817, huangamiza seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa utaratibu. Mgonjwa hutetemeka, hukakamaa, na hatua zake huwa nzito. Vidonge vya levodopa humpa nafuu, ingawa baada ya miaka kadhaa huweza kumsababishia misukosuko ya viungo asiyoweza kuizuia.

Wataalamu wa Marekani waliamua kupandikiza seli za vijusi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 20 walitiwa seli hizo, na wengine 20 walitobolewa fuvu tu. Hakuna aliyejua yumo katika kundi lipi. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa walijipima hali zao wenyewe, na makundi hayo hayakutofautiana sana. Hatimaye jumla ya waliopandikizwa ilifika 33. Baadhi yao, hasa wa umri wa miaka 60 kurudi chini, walionyesha maendeleo walipochunguzwa na madaktari. Lakini watano kati ya hao 33, baada ya kuneemeka mwaka wa kwanza, walianza kujipinda na kurusha viungo bila hiari, hata walipopunguziwa dawa au kuachishwa kabisa.

Kuna wanaolalamika kwamba kumtoboa mtu fuvu bure ni ukatili. Naelewa uchungu wao, ila sikubaliani nao. Bila kundi la pili, matumaini matupu yangaliitwa tiba, na maelfu wangalijipanga foleni kupandikizwa. Kidonge kikikudhuru, utakiacha. Seli iliyokwisha kuota ubongoni haing'oki.

Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2025, moja la Japani na jingine la Marekani na Kanada, yalitumia seli zilizokuzwa maabarani kutokana na seli shina. Wagonjwa walikuwa wachache, 7 na 12, na misukosuko ile haikuonekana. Hiyo ni heri, lakini idadi hiyo ni ndogo mno kutulaza usingizi.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu nilimjibu: wapandikizwe, ila baada ya kupima, na kupima tena. Haraka haraka haina baraka, na ubongoni huleta majuto yasiyofutika.