Karani wa Koboko na Vichupo Vyake: Namna Programu za Mtandao Zinavyojaribiwa kwa Madirisha Mengi

Sehemu kubwa ya shughuli ambazo mkazi wa West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, alilazimika kuzifuata kwenye meza ya ofisa, na mara nyingine Kampala iliyo umbali wa karibu kilomita 500, siku hizi hupitia kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama vile Chrome na Firefox. Mfanyabiashara wa Arua, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, huomba namba ya mlipakodi kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na anapotaka kulipa kodi husajili kwanza malipo hayo mtandaoni, akapewa namba ambayo ndiyo anayoipeleka benki au kuilipia kwa simu. Maombi ya pasipoti nayo huanzia kwenye ukurasa wa namna hiyo hiyo. Kwa kuwa si kila mtu ana kompyuta, wala fomu ndefu haijaziki kwa urahisi kwenye kioo kidogo cha simu, kazi hiyo katika Arua, na katika Koboko iliyo kama kilomita 55 kaskazini yake, karibu na mahali Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini, huwaangukia makarani wa maduka ya kuchapa na kutoa nakala, ambao huhudumia wateja kadhaa kwa kompyuta moja, kila shughuli ikiwa wazi katika dirisha lake au katika kichupo, yaani ukurasa mmojawapo kati ya zile zilizopangwa ndani ya dirisha moja.

Watengenezaji wa mifumo ya tovuti hizo hawawezi kuijaribu yote kwa mikono kila wanapobadilisha kitu kidogo, na kwa sababu hiyo hutumia majaribio yanayojiendesha, ambayo ni programu zinazokiendesha kivinjari kama ambavyo mtu angekiendesha: kufungua ukurasa, kuandika jina, kubofya kitufe, kisha kulinganisha kilichotokea na kilichotarajiwa. Chombo kinachojulikana zaidi katika kazi hii ni Selenium, kilichoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins katika kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, wakati akijaribu mfumo wa ndani wa kuandikia saa za kazi na matumizi ya wafanyakazi. Baadaye kiliunganishwa na WebDriver, kazi ya Simon Stewart, na tarehe 5 Juni 2018 lugha ambayo kwayo msimbo wa jaribio huzungumza na kivinjari ikatangazwa na W3C, jumuiya inayotunga kanuni za mtandao wa dunia, kuwa kanuni rasmi ambayo vivinjari vikubwa vyote huifuata.

Ugumu huanza pale kubofya kiungo kimoja kunapofungua dirisha la pili. Binadamu aliyeketi mbele ya kioo huona ukurasa mpya umejitokeza, akauelekea bila kufikiri, lakini mashine haihami pamoja na kioo. Amri zake zote huendelea kwenda katika dirisha ambalo mara ya mwisho iliambiwa ikae, hata kama dirisha hilo limefunikwa kabisa na lingine, kwa hiyo msimbo unaotafuta kitufe cha kulipa katika ukurasa mpya hurudisha jibu kwamba kitufe hakipo, ilhali kila mtu chumbani anakiona. Ili kuondoa utata huo, kila dirisha hupewa kitambulisho, ambacho ni mfuatano wa herufi na tarakimu usio na maana yoyote nje ya kikao cha jaribio husika, na msimbo unaweza kuuliza kitambulisho cha dirisha uliomo, kuomba orodha ya vitambulisho vyote vilivyo wazi, na kuamuru kuhamia katika kimojawapo. Kwa kanuni ya WebDriver kichupo na dirisha ni kitu kimoja, kila kimoja kikiwa na kitambulisho chake, ilhali visanduku vya onyo vinavyomtaka mtumiaji abofye ndiyo au hapana havimo katika hesabu hiyo na vina amri zao.

Makosa ya waandishi wa majaribio katika jambo hili ni machache, ila yanajirudia. La kwanza ni kuamini kwamba dirisha la mwisho katika orodha ndilo jipya, jambo ambalo kanuni haikuliahidi, kwa sababu mpangilio wa orodha hauna uhakika. Njia salama ni kuhifadhi vitambulisho vilivyokuwepo kabla ya kubofya, kisha kutafuta kile ambacho hakikuwamo, na baada ya kuhamia kuthibitisha kichwa au anwani ya ukurasa. La pili ni kufunga dirisha dogo na kusahau kurudi katika lile la awali, kwani mashine hairudi yenyewe, hubaki imeelekezwa kwenye dirisha lisilokuwepo tena, na kila amri inayofuata hushindwa. Kuna pia kuchanganya amri ya kufunga dirisha moja na ile ya kuzima kivinjari chote, kosa ambalo hugundulika upesi kwa kuwa jaribio zima hufa papo hapo.

Kosa linaloiumiza West Nile zaidi linahusu muda. Mwandishi wa jaribio aliye kwenye mtandao wenye kasi huona dirisha jipya likifunguka mara moja, akaandika amri ya kusubiri sekunde mbili kisha kuendelea, na jaribio likafaulu kila siku kwenye meza yake. Dirisha hilo hilo, likifunguliwa katika mji wa mpakani kwa modemu ya simu, linaweza kukaa jeupe kwa muda mrefu zaidi ya huo, na mteja aliyechoka kusubiri akabofya mara ya pili, yakazaliwa madirisha mawili ya malipo mahali palipotarajiwa moja. Msimbo ulioandikwa vizuri husubiri sharti badala ya saa: husubiri mpaka idadi ya madirisha iongezeke na ukurasa wa ndani uwe na kile kinachotafutwa, ukiwekewa kikomo ambacho kikipita hutangaza kushindwa. Vivinjari vingi vina njia ya kuigiza mtandao wa polepole, na jaribio lisilowahi kupitishwa humo halijasema lolote kuhusu Koboko.

Hata hivyo kufuata dirisha lililojifungua ni nusu ndogo ya kazi. Swali zito zaidi ni kile kinachotokea pale karani anapofungua mfumo ule ule katika vichupo viwili kwa ajili ya wateja wawili. Vichupo vya kivinjari kimoja hutumia kwa pamoja vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kivinjari ili imtambue mtumiaji aliyeingia, na kwa seva vichupo hivyo viwili ni mtu mmoja. Ikiwa mfumo umetengenezwa kukumbuka upande wa seva fomu inayojazwa sasa, badala ya kuandika namba ya fomu ndani ya kila ukurasa, basi kufungua fomu ya mteja wa pili huifuta kumbukumbu ya ile ya kwanza, na karani akirudi katika kichupo cha kwanza na kubofya hifadhi, taarifa za mtu mmoja zinaweza kuingia katika faili la mwingine bila onyo lolote. Mteja atakayegundua hayo baada ya miezi atamlaumu karani, na kwa haki kabisa karani atakana.

Jaribio la kufichua kasoro hiyo si refu: hufunguliwa kichupo cha kwanza na kuanza fomu ya mteja mmoja, kikafunguliwa cha pili na kuanza ya mwingine, kisha msimbo ukarudi katika cha kwanza, ukahifadhi, na kukagua kilichoandikwa katika hifadhidata. Toleo la nne la Selenium, lililotoka Oktoba 2021, lina amri ya kufungua kichupo kipya moja kwa moja, na Playwright, chombo kilichotolewa na Microsoft mwaka 2020, kinaweza zaidi ya hapo kutenga watumiaji ndani ya kivinjari kimoja, kila mmoja na vidakuzi vyake. Uwezo huo wa kutenga unafaa kwa kujaribu watu wawili walio mbalimbali, lakini kwa karani wa Koboko unapotosha, kwa kuwa shida yake inatokana na kutotengwa. Cypress, chombo kingine kinachopendwa, hakidhibiti vichupo vingi katika jaribio moja, na ushauri wa kawaida kwa watumiaji wake ni kukiondolea kiungo sifa ya kufungua dirisha jipya. Huo ni wepesi wa mwandishi wa jaribio, na mtumiaji haupati.

Uzito wa jambo huonekana zaidi katika afya. UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria ambao waendelezaji wake hutumia Playwright kujaribu toleo lake la tatu. Muuguzi mwenye foleni mlangoni naye hufungua faili za wagonjwa wawili kwa pamoja, na katika chumba chake kosa la kichupo lingehusu dozi ya dawa.

Kazi hii ya majaribio inaweza kufanywa papo hapo Arua. Selenium na Playwright hupatikana bila malipo, kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi huviendesha, na Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 2013, hufundisha teknolojia ya habari katika jiji hilo hilo ambamo makarani hao wanafanya kazi. Idara za serikali zinazonunua mifumo ya mtandao ziweke katika mkataba sharti kwamba jaribio la vichupo viwili, lililoendeshwa kwenye mtandao wa polepole, lifaulu kabla mfumo haujapokelewa na mtengenezaji hajalipwa.