Taharuki na Utafutaji wa Baba katika Siku Njema

Tangu Ken Walibora atoweke jijini Nairobi mnamo Aprili 2020, na mwili wake kupatikana siku chache baadaye katika mochari ya Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, wapo wanafunzi, hata hapa Changamwe, wanaoifungua Siku Njema (1996) kama wapelelezi. Wanasaka humo dalili za kifo cha mtunzi. Kifo hicho ni suala la polisi na familia. Riwaya ilitangulia kwa miaka 24.

Ni kweli kwamba mna mtu asiyejulikana aliko. Kongowea Mswahili, aliyefiwa na mamake, Zainabu Makame, anaondoka Tanga kumtafuta babake, safari inayomfikisha Kitale. Lakini huyu si Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayevuta kiko na kufumbua mafumbo ya wengine. Hapa mtafutaji ndiye mwenye jeraha. Kila anapouliza baba yuko wapi, anauliza pia yeye mwenyewe ni nani, na hapo ndipo taharuki ya kisaikolojia inapozaliwa.

Mtahiniwa azingatie nafsi ya kwanza. Kongowea anasimulia akiwa tayari anaujua mwisho, ila anatupimia habari kwa kibaba. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: msimulizi anatuficha nini, na anakifichua wakati gani? Jibu lithibitishwe kwa tukio mahususi la kitabuni. Uvumi wa mtaani hauna alama katika Karatasi ya Tatu.