Mshono wa mtoto: hela iende wapi?

Hospitali ya Bwera ni ya serikali, na hospitali za serikali Uganda ziliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Hospitali ya Kagando, ya Kanisa la Uganda, hutoza. Ukiishia hapo, hesabu ni rahisi. Ila stoo za serikali zikikauka, mzazi huandikiwa karatasi aende duka la dawa akanunue uzi wa kushonea jeraha na glavu, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Uzi wa nailoni ni wa bei nafuu, lakini sharti utolewe: usoni baada ya siku 3 hadi 5, mguuni hata 14. Kwa anayeshuka kutoka milimani juu ya Bwera, hiyo ni boda tena kwenda na kurudi, siku ya shamba imepotea, na mtoto anayeikumbuka vizuri ile sindano anashikwa na watu wawili akipiga mayowe. Uzi unaoyeyuka ni ghali zaidi, ila kwa majeraha madogo ya ngozi hauzidishi maambukizi wala kovu. Nauli ikipita tofauti ya bei, nunua huo. Gundi ya ngozi inafaa mkato mfupi ulionyooka, kama wa kwenye paji la uso. Goti au jeraha la kung'atwa na mbwa, hapana.

Uzi uliopakwa dawa ya kuua vijidudu usikutoe hela. Utafiti wa FALCON, uliotangazwa 2021, ulifuatilia upasuaji wa tumbo kwa watoto na watu wazima katika nchi 7, Rwanda ikiwemo: uzi huo haukuushinda ule wa kawaida, wala klorheksidini ya kusafishia ngozi haikuishinda iodini. Kilichosaidia, katika utafiti wa ChEETAh wa 2022, ni kubadili glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Walioambukizwa walishuka kutoka 18.9 hadi 16.0 kwa kila 100. Kwa hiyo jozi ya pili ya glavu ikiandikwa kwenye karatasi, usinung'unike.

Kapsuli za antibiotiki za kupasua na kunyunyizia kidonda, ziache dukani. Ule unga huganda juu, usaha ukajificha chini. Beba kadi ya chanjo, waangalie ya pepopunda. Wekundu ukisambaa au homa ikipanda, mrudishe mtoto siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kutoa nyuzi bado.