Wataka kusomea fasheni? Jua hesabu kwanza

Umemwambia mathe unataka kusomea fasheni na vitambaa chuo kikuu. Amekutazama juu hadi chini, kisha akauliza: "Nikulipie karo miaka minne ukajifunze cherehani? Si fundi wa hapo steji atakufunza kwa miezi michache?"

Usinune. Ana hoja. Kama ndoto yako ni kushona tu, chuo cha ufundi au huyo fundi atakutosha, tena kwa pesa kidogo.

Chuo kikuu utaanza na kitambaa chenyewe. Chomoa nyuzi chache kwenye shati uliyouziwa kama pamba, uzichome kwa uangalifu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda na kuwa kidonge kigumu. Hapo utajua kama ulichezwa.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo wengi hulia. Tuseme umenunua marinda 20 Eastleigh kwa Sh800 kila moja. Hiyo ni Sh16,000. Ukauza 12 kwa Sh1,500, ukapata Sh18,000. Unadhani umeomoka! Lakini nauli, kodi ya kibanda na bando zimekula Sh5,000, na yale manane yaliyobaki ni ya saizi ambayo wateja wako hawavai. Ukiyatupa kwa Sh500 kila moja ndipo yatoke, faida yako yote ni Sh1,000.

Kujua ununue ngapi, saizi gani, msimu gani na uuze bei gani, hiyo ndiyo taaluma yenyewe. Cherehani haikufunzi hayo.

Kazi nazo? Viwanda vya EPZ pale Athi River hushona nguo za kuuzwa Marekani, soko ambalo sheria ya AGOA ilifungua mwaka wa 2000. Huko lazima kuwe na mtu wa kufuatilia oda, kukagua ubora na kuhesabu gharama ya kila shati. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilichukua kiwanda cha Rivatex, chenye mashine za kusokota na kufuma, mwaka wa 2007.

Ila usijidanganye kwamba cheti kitakuuzia nguo. Rinda lako litashindana na mitumba ya Gikomba, na mteja huangalia mfuko wake kwanza.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua kozi kwenye KUCCPS, omba orodha ya masomo ya miaka yote minne uisome. Uliza chuo kama kina maabara ya vitambaa, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini. Halafu shinda siku nzima na muuzaji nguo, ukiandika kilichouzwa, kilichobaki na sababu yake.

Kama jioni daftari limejaa na bado una maswali, kaa chini na mathe umwonyeshe hizo hesabu. Jibu lake liko humo.